Kifundo Kikiteguka, Baiskeli Ingoje

Wengi wetu akina mama tukiteguka kifundo cha mguu hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa siku ileile. Sisi wauguzi twasihi: siku 2 za kwanza tusifanye hivyo, maana uvimbe huweza kuzidi. Tufunge bandeji, tuweke barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15, na tuinue mguu juu ya mto. Tusipoweza kupiga hatua 4, twende hospitali tukapigwe picha. Huenda mfupa umevunjika.

Baiskeli ingoje mpaka tuweze kusimama kwa mguu huo peke yake bila maumivu. Tuanze njia tambarare, bila mzigo wala mtoto nyuma, kiti tumekishusha ili miguu ifike chini. Kumwachia baba ndoo ya maji kwa wiki mbili si uvivu.