Unga Haukomei Pwani: Jibu kwa Wanaopinga Sindano Safi Ufipa

Taja habari ya kuwagawia sindano safi watu wanaojidunga unga, ukiwa Sumbawanga, uone watu watakavyocheka. Hayo ni ya Manzese na Tanga, wataambizana. Sisi huku tuna ulezi, mahindi na baridi. Kicheko kikiisha zinafuata hoja. Nimezisikia mara nyingi kiasi cha kuzijua kwa mpangilio wake, basi nazijibu kwa mpangilio huohuo.

Ya kwanza ni hiyo ya kwamba unga ni ugonjwa wa pwani. Mwenye kusema hivyo aitazame barabara. Sehemu ya heroini inayoshuka pwani yetu husafirishwa kwenda kusini mwa Afrika, na mlango wa kusini ni Tunduma. Barabara ya lami ya kuja Sumbawanga inaanzia hapohapo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Iringa haina bahari. Mbeya nayo haina, lakini ilifunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2017, na kliniki ya namna hiyo haifunguliwi mahali pasipo na waraibu wa heroini.

Nakubali jambo moja: kwa ninavyoona, pombe na bangi ndivyo vinavyoumiza kaya nyingi zaidi za Ufipa leo. Ndiyo maana siombi jengo la ghorofa. Naomba maandalizi ya watu wachache, kabla hawajawa wengi.

Mji mdogo hauna kinga kwa sababu ni mdogo. Austin, katika wilaya ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, ni mji wa watu wasiofika elfu tano. Wilaya nzima ilizoea kuona wagonjwa wapya wa VVU wasiozidi watano kwa mwaka. Mwaka 2015 waligundulika zaidi ya 180. Watu walikuwa wakiyeyusha vidonge vya maumivu na kujidunga kwa sindano za kupokezana, na kituo kilichokuwa kikipima VVU jirani kilikuwa kimefungwa miaka miwili nyuma. Gavana Mike Pence, ambaye hakupenda kabisa habari ya kugawa sindano, alitangaza dharura mwezi Machi na kuziruhusu. Ruhusa ilikuja virusi vikiwa vimeshaingia nyumba kwa nyumba.

Hoja ya pili inatoka midomoni mwa watu wema, na hasa viongozi wa dini: ukimpa mtu sindano umemtuma akajidunge. Ingekuwa kweli kama mtu angesubiri sindano ndipo aanze unga. Hasubiri. Mwenye arosto, mwili unatetemeka, tumbo linakata, atachukua bomba lolote lililo karibu, hata la mwenzake, hata lililookotwa. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam waliandika jambo ambalo kila nikilikumbuka nashindwa kula: wanawake wasio na fedha ya kete walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini imebaki na unga ndani yake. Aliyetoa damu alidhani anamwonea huruma rafiki yake. Mtu aliyefika hapo hahitaji kutumwa na mtu.

Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi wa nchi nyingi mwaka 2004. Lilikuta kwamba sindano safi hupunguza maambukizi, wala halikuona ushahidi wa kuaminika kuwa zinaongeza utumiaji. Kuna na jambo jingine ambalo wapinzani hulisahau. Anayekuja kubadilisha sindano anakutana na muuguzi. Hapo anapimwa VVU na kifua kikuu, kidonda kinasafishwa, na anaambiwa kwamba methadoni ipo. Temeke walianza kazi hii mwanzoni mwa muongo wa 2010. Mtu anayejificha vichakani hapati hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa hoja ya fedha, na hii naiheshimu. Mama aliyeteremka na kupanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa kufuata dawa ya shinikizo la damu, akaambiwa imeisha, ana haki ya kuuliza kwa nini teja anunuliwe sindano. Jibu langu ni hesabu. Bomba moja na sindano yake halifiki bei ya soda. Mtu akiambukizwa VVU atameza dawa kila siku hadi kufa kwake, kwa gharama ya umma, na huenda ana mke, na mke huenda ana mimba. Jengo jipya halihitajiki: zahanati tayari ina muuguzi, ina boksi la kutupia vyenye ncha kali, na ina utaratibu wa kuviteketeza. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Kumfundisha mmoja wao somo hili ni kazi ya siku chache.

Wengine husema wafadhili watalipa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja tu. Sina la kuongeza.

Inabaki ile ya mwisho: wakamatwe, au wapelekwe Mbeya. Kukamata wauzaji ni sawa, na mamlaka ileile inayowakamata inashirikiana na Wizara ya Afya kusimamia tiba ya methadoni. Haioni mgongano, sijui sisi tunauona wapi. Ama kuhusu Mbeya, methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 300. Kijana wa Laela au Matai atapanda basi kila alfajiri kwa nauli ya nani? Mpaka dawa isogezwe karibu naye, sindano safi ndiyo itakayomfikisha kwenye tiba hiyo akiwa hai na bila VVU.

Waheshimiwa madiwani wa Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mganga mkuu akiwaletea makadirio, mwulizeni ametenga kiasi gani cha sindano safi na cha kumfundisha muuguzi mmoja kwa kila kituo cha afya kilicho kwenye barabara kuu. Akisema hakuna, msiipitishe bajeti hiyo kabla hajaeleza sababu.