Hajui Bado

Mara nyingi katika nyumba zetu, Kadutu hadi Bagira, mtoto huitwa mjinga kwa sababu amekosea hesabu. Nasi tulikosa hivyo. Katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu tulimwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Tangu siku ile hakunyoosha mkono tena.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha kwamba akili ya mtoto hukua kwa hatua. Mimina maji ya kikombe kipana katika glasi nyembamba: mtoto wa miaka 4 kwa kawaida atasema yameongezeka. Hasemi uongo, anapima kwa macho. Yapata miaka 7 huanza kutambua kwamba maji ni yaleyale, lakini katika hesabu bado ahitaji vitu vya kushika.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alifundisha jambo la pili: lile ambalo mtoto halimudu peke yake leo, akisaidiwa na ajuaye zaidi, kesho atalimudu mwenyewe.

Tangu mwaka 2019, elimu ya msingi bila malipo ilipoanza kutekelezwa nchini mwetu, madarasa mengi yamefurika. Mwalimu hawezi kuketi kando ya kila mtoto. Ninyi, kaka na dada, mnaweza. Jioni ya leo wekeni mezani punje kumi za maharage, mhesabu pamoja naye kwa subira. Asipojua, msimwite mjinga. Semeni: hajui bado.