Upepo wa Singida Si Mwanana

Kila aliyepita sekondari anaijua sentensi hii hata kama hakuwahi kuipenda: ilikuwa siku ya Jumamosi, jua liliwaka na upepo mwanana ulikuwa ukivuma. Ndiyo mlango wa insha. Insha iwe ya harusi, ya ajali ya basi au ya bomba la maji lililopasuka, lazima upepo mwanana uvume kwanza. Mara nyingine na ndege wanaimba matawini, wala hakuna anayeuliza ni ndege gani.

Mwaka jana nilikuwa field mkoani Singida, Julai na Agosti. Aliyefika kule miezi hiyo anajua ninachosema. Upepo ni mkavu, asubuhi una baridi ya kuuma masikio, mchana unabeba vumbi hadi kwenye meno. Darasani tulikuwa tunazuia dirisha kwa kipande cha tofali. Nikawapa kidato cha pili insha, "Siku ambayo sitaisahau". Waliandika huku wameegemeza viwiko juu ya karatasi zisipeperuke. Nilipoanza kusahihisha, zaidi ya nusu walikuwa na upepo mwanana. Mwanana! Na tofali liko pale dirishani.

Kijana mmoja hakuanza hivyo. Alianza na bati. Bati la jiko lao liling'olewa na upepo, mama yake akalikimbiza akiwa na mwiko mkononi, na mbwa akadhani ni mchezo, akalikimbiza pia. Aya mbili tu, basi. Mwongozo wa kusahihishia unataka kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho, na yeye alikuwa na kiini kitupu. Kwa hesabu ya mwongozo alistahili alama chache kuliko wale wa upepo mwanana. Nilibishana na mwalimu mwenyeji wangu, kwa heshima zote maana ni mtu mzima na ana madarasa sita ya kusahihisha, tukamwongezea mbili. Bado alibaki chini yao.

Siwalaumu wale watoto. Wameandika walichofundishwa, na aliyewafundisha naye alifundishwa hivyo. Swali langu linatuhusu sisi tunaosomea ualimu hapa chuoni. Tutafundishaje kuandika na sisi wenyewe hatuandiki?

Najua mtasema tunaandika sana. Kweli, assignment haziishi. Lakini tazama zinavyoandikwa: kundi la watu kumi, wawili wanafanya kazi, mmoja anaprinti, saba wanatuma namba za usajili. Siku hizi hata wale wawili wamepungua, kazi inapewa akili mnemba. Mimi siyo adui wa akili mnemba. Niliiomba insha ya siku ya mvua kijijini, nikaona inavyojua mambo, ila upepo wake nao ulikuwa mwanana. Inaonekana nayo imesoma sekondari zetu.

Na kuna maandishi mengine ambayo kila mwalimu mwanafunzi anayajua. Chini ya andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na nafasi ya maoni, mistari miwili au mitatu hivi. Pale ndipo mwalimu anatakiwa aseme kipindi kilikwendaje. Sasa angalia maandalio ya watu: "Somo limeeleweka vizuri." Jumatatu limeeleweka, Jumanne limeeleweka, Ijumaa saa nane mchana, watoto wana njaa na nusu yao wamelala, somo limeeleweka vizuri. Msimamizi anapita, anatia saini. Huo ndio upepo mwanana wa walimu. Mtoto anauiga kwetu hata bila kuliona andalio, kwa sababu anahisi kwamba kuandika ni kujaza nafasi kwa maneno ambayo hayatamletea mtu matatizo.

Dawa ninayoipendekeza ni ndogo na haina bajeti: kuandika mambo ya kawaida, kila siku au kila wiki, kwa ajili ya nafsi yako. Mimi nina kaunta buku ya kwaya mbili. Sio shajara ya siri, haina mapenzi (haya, yana ukurasa mmoja). Naandika hali ya hewa, bei ya chakula, na jambo moja nililosikia mtu akisema. Kwa nini hali ya hewa? Kwa sababu ndiyo inayonilazimisha kuangalia nje kabla ya kuandika. Huwezi kubuni mvua ukiwa umelowa.

Halafu kuna suala la majina. Watu wa pwani waliyapa majira majina kwa upepo, maana upepo ndio uliowaletea riziki. Kaskazi huanza mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Majahazi ya Arabuni na India yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Neno msimu lenyewe lina asili ya Kiarabu, na neno hilohilo lilipita kwa Wareno likawafikia Waingereza likawa "monsoon". Wakulima wao walihesabu kwa mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni kwa Dar, Tanga, Kilimanjaro na huko. Kwetu Kondoa mvua ni moja, inaanza Novemba au Desemba ikachelewa, inaisha Aprili, na bibi yangu anaiita kifuku. Shuleni tulikariri vuli na masika, tukarudi nyumbani tukakuta kifuku kinatusubiri na jembe.

Bibi hajui kuandika, lakini kalenda yake ni ya mvua. Kaka yangu mkubwa alizaliwa "wakati wa El Niño", yaani mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Sasa sisi tunaojua kuandika tumeweka nini? Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, simu zote zilijaa video. Nyingi zimeshafutwa kupata nafasi ya video nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa itakuwa na kipimo cha mvua na mwendo wa upepo. Lakini hosteli ilivyokuwa usiku ule, nani aliogopa na nani alikuwa anacheka, nani aliuza maandazi kwa bei ya juu, hilo hakuna ofisi inayolitunza.

Chuo nacho kina majira yake, na sijui kwa nini tunaona aibu kuyaandika. Kuna msimu wa bumu, kuku wanachomwa hadi usiku na watu wanasalimiana vizuri. Kuna kiangazi cha kusubiri bumu, ambapo rumeti anakumbuka ghafla kwamba ana shangazi Mbagala. Kuna msimu wa UE, maktaba inajaa na madesa yanapanda thamani. Novemba kumbikumbi wanajaa kwenye taa za korido baada ya mvua ya kwanza, mimi nafunga dirisha, na jirani yangu wa Bukoba anahesabu siku senene watumwe kutoka kwao kwenye ndoo. Desemba embe, Juni na Julai machungwa ya Muheza. Nilipoanza mwaka wa kwanza chapati hapo getini ilikuwa 300. Sasa ni 500 na imekuwa nyembamba, unaweza kusomea gazeti kupitia humo. Hayo yote yapo kwenye kaunta buku, na tarehe zake.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, we dada, mtu ana njaa halafu unamwambia aandike kuhusu kipupwe. Ni hoja nzito, sitaki kuipita haraka. Mtu asiye na hela ya mchana hana deni la kuniandikia mimi chochote. Ila nimeona kitu kimoja: tunapolalamika kwamba bumu limechelewa, tunalalamika kwa jumla, na jumla ni rahisi kupuuzwa. Anayeweza kusema nilikula mlo mmoja kwa siku kumi na moja, kuanzia tarehe fulani, na mlo wenyewe ulikuwa huu, ni mgumu kujibiwa kwa tangazo la nusu ukurasa. Njaa ndiyo hasa ya kuandikwa, tena kwa tarehe.

Wengine wanasema wataanza wakiwa watu wazima, wakiwa na jambo la kusema. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, mtu wa ofisi na majalada, na insha zake alizipatia nafasi humohumo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, alianza kuandika akiwa na miaka 21, kijana aliyekimbilia Uingereza na kukumbuka nyumbani. Nobeli ilikuja 2021. Mimi nina 22 na sitarajii simu kutoka Sweden. Nasema tu umri huu siyo wa kusubiri.

Mwezi ujao orodha ya vituo vya field inatoka. Kuna watakaopangwa Makete, hao wabebe sweta mbili na wasidanganywe kwamba moja inatosha. Kuna wa Lindi, kuna wa Kigoma, na Singida lazima wapo. Tutapewa logibuku na maandalio kama kawaida, na ile mistari mitatu ya maoni itakuwa pale chini. Ningependa tukirudi Septemba tukae siku moja pale kwenye viti vya zege nyuma ya maktaba, kila mtu asome alichoandika humo, kama kilivyo. Mimi nitaleta insha ya bati. Mwenyewe nilimwomba ruhusa, akakubali, akauliza kama huku chuoni watu watacheka kwenye sehemu ya mbwa.