Chui wa Mashairi na Paa wa Maweni

Washairi wetu hawachoki kumwita chui. Humwita watakapo kusema hasira, hila, au mtawala asiyeshiba. Nami nauliza: chui yupi? Yule wa Unguja, wa damu na nyama, hatukupata kumjua.

Mwaka 1932 Pocock alimweleza kwa ngozi tu: mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamevunjikavunjika. Alikula paa, nguruwe na kima. Lakini alikula wangapi, wapi, na kwa msimu gani, hakuna aliyemfuata akatwambia. Badala ya kumchunguza, tulimzulia bwana. Tukasema anafugwa, anatumwa, ana wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akasakwa yeye pamoja na waliotuhumiwa kumfuga. Miaka ya 1990, wahifadhi walipotaka kumlinda, hawakumpata wa kumlinda. Mwaka 2018 kamera ya televisheni ya Marekani ilinasa usiku mnyama aliyedhaniwa kuwa ndiye. Tukashangilia, na uthibitisho haukuja.

Wako hadi leo wanaotujibu kwa mkato: "Yupo, ila haonekani na kila mtu." Hoja hii ni tamu kwa kuwa haimtaki msemaji afanye kazi yoyote. Naikataa. Chui haishi kwa uganga, huishi kwa windo. Anayetaka kujua kama Jozani yaweza kumlea chui, na ahesabu paa kwanza: atazame kinyesi chao, nyayo zao, vichaka wanavyolala na miti wanayoitegemea.

Na hapo ndipo penye aibu yetu. Paa nunga, mwenye shungi jekundu kichwani, yu hai. Hupita chini ya miti wanamokula kima punju, akiokota maua na majani wayaangushayo. Wataalamu walimpa jina la Aders, kama walivyompa chui: mla na mliwa wakaandikwa kwa jina moja. Nje ya Unguja na visiwa vidogo alikopelekwa, hajulikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Hawindwi tena na chui. Anawindwa na sisi, kwa mbwa na nyavu, na maweni anamojificha tunayafyeka kwa kuni na makaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wataniambia Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Kweli, lakini paa hausomi mpaka wa hifadhi, na mpaka wenyewe hauhesabu paa. Atakayehesabu ni mtu, tena aliye bora ni kijana wa Pete au Charawe aijuaye njia ya msituni, akipewa daftari, kamera na ujira wa haki.

Nawaomba washairi wenzangu: kabla ya kumwita chui tena, nendeni mkamtazame paa nunga alfajiri, mkae kimya, muandike mlichokiona. Chui tulimtungia mengi tusimjue hata moja. Paa huyu tusimngoje awe tungo.