Bakuli Linaloshikwa na Hewa



Juma hili tunazungumza na jamaa zetu walio Kakamega, ambao vijana wao wanajifunza kukereza mbao, na hasa na akina mama wanaotoa akiba zao kununua vyombo vya kazi.

Mkerezaji wa mabakuli akishamaliza ndani, hubakiwa na kitako chenye matundu ya skrubu. Akilibana bakuli kwa meno ya chuma, ataliharibu. Wengi sasa hulishika kwa ombwe, tena kwa kerezo lile lile la zamani. Mhimili wake ukiwa na tundu lililopenya hadi nyuma, huko nyuma hufungwa mpira wa kupitisha hewa, kwa kiungo chenye beringi ili mpira usizunguke. Mbele huwekwa kisahani chenye ukingo wa mpira laini, na bakuli hufunikwa juu yake. Kompresa ya friji kuukuu huweza kuwa pampu, maadamu fundi wa friji ameitoa gesi yake kwanza.

Pampu hailivuti bakuli. Huondoa hewa ya ndani tu, na hewa ya nje ndiyo inayolisukuma bakuli likagandamana. Kwa hiyo mahali pana hukumu yake. Mombasa, usawa wa bahari, hewa husukuma kwa takriban kilo moja kila sentimita mraba. Kakamega, iliyo juu kiasi cha mita 1,500, nguvu hiyo hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Kisahani cha upana wa sentimita 15 ambacho pwani kingeshikwa kwa kilo 180, huko hakipati zaidi ya 150. Kipimo nacho, ambacho pwani hukaribia inchi 30 za zebaki, Kakamega hukoma karibu na 25. Pampu si mbovu. Na upana ukipunguzwa nusu, nguvu hubaki robo.

Mti nao una siri yake. Mvule una vinyweleo vinavyopitisha hewa, na ufa mdogo huweza kulivunja bakuli jembamba.

Lakini hatari kubwa ni umeme kukatika. Pampu husimama papo hapo, ilhali bakuli lingali linazunguka kwa kasi mbele ya uso wa kijana.

Basi, mama, kabla hujatoa fedha ya pampu, uliza mambo matatu. Je, ipo vali ya njia moja pamoja na tangi, ili ombwe lidumu hadi mashine itulie? Je, kipimo kimewekwa mahali anapokiona akiwa kazini? Je, ipo kinga ya uso? Likikosekana moja, fedha ya pampu ianze kununua hilo. Bakuli lenye alama za skrubu huuzika. Jicho halina duka.

Wabillahi tawfiq.