Amestaafu, mwacheni avae

Katika nchi zetu kustaafu huzungumzwa kwa lugha ya pesa tu. Kiinua mgongo kimetoka au bado, pensheni imechelewa miezi mingapi, mzee amejenga au anaishi nyumba ya kupanga, ameacha michikichi mingapi shambani. Ni sawa tuzungumze hivyo, maana mstaafu asiye na kitu huwa mzigo kwa wanawe. Lakini kustaafu huleta jambo jingine ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni uhuru wa kuvaa. Sisemi habari ya kuvua tai na kuvaa ndala. Nasema habari ya mwanamume aliyevaa suruali kwa miaka sitini, na ambaye baada ya kuaga ofisini anaamua kuvaa gauni.

Wapo watakaotaka kukunja gazeti hapa. Nawaomba wavumilie kidogo.

Hapa Rumonge, mji wa ndagala na mawese, mavazi yamechanganyika kuliko sehemu nyingi za Burundi. Siku ya Ijumaa barabara hujaa kanzu. Wavuvi wakishuka asubuhi kutoka kwenye apollo, baada ya usiku mzima wa taa na nyavu, huvua suruali zilizolowa, hujifunga kitenge kiunoni na kwenda kunywa chai. Jumapili padri hupita na joho lake jeupe. Mwanafunzi mmoja aliyehamia huku kutoka milima ya Mugamba aliwahi kuniuliza darasani kwa nini wanaume wa huku wanavaa magauni. Nikamwambia hizo ni kanzu. Akaniuliza kanzu na gauni vina tofauti gani. Nikamwambia afungue daftari la hesabu.

Mimi nilizaliwa Mishamo, makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 upande wa Mpanda, Tanzania. Nilisomea huko huko, kwa Kiswahili, na nikarudi katika nchi ya wazazi wangu mwaka 2009 nikiwa mtu mzima. Waliokuwa Tanzania katika miaka ya 1980 wanakumbuka uhaba wa nguo. Mitumba ilipoanza kutufikia, baba zetu walivaa kilichotoka kwenye robota. Jirani yetu mmoja, mkulima wa tumbaku, alipata koti la kike la rangi ya waridi, lenye vifungo vikubwa na kola ya manyoya. Alilivaa asubuhi za Juni na Julai, kwenye baridi, akienda nalo shambani na hata kwenye mikutano ya kijiji. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu alikuwa na koti lake la ajabu. Nilipokuja kusikia watu wakisema kwamba nguo ya kike humharibu mwanamume, nilimkumbuka yule mzee, watoto wake wanane na ekari zake za tumbaku.

Ng'ambo ya ziwa letu, kwenye milima ile tunayoiona kila jioni mvua ikiisha, Mobutu alipiga marufuku suti na tai mwaka 1972, na wanaume wakavaa abakosti hadi mwaka 1990. Yaani kwa miaka kumi na minane mtu mmoja aliwaamulia wanaume wa nchi nzima nini ni vazi la kiume. Tanzania nako, Vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969, wakipambana na vimini, mawigi na suruali za kubana. Wazee wetu walikuta makovu ya habari hizo walipofika huko. Vazi la heshima hubadilika kila anapobadilika mwenye kutoa amri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Namfahamu mzee mmoja mstaafu kwa zaidi ya miaka kumi. Sitataja jina lake, mtaa wake wala ofisi aliyofanyia kazi, na ameniruhusu niandike kwa sharti hilo. Nilianza kwenda kwake kuazima vitabu vya Kifaransa, maana sisi tuliosoma uhamishoni tulirudi na Kiswahili safi na Kifaransa cha kuombea maji. Alikuwa mtu wa tai na viatu vilivyong'arishwa. Mkewe alifariki, watoto wakaoa na kuolewa, naye akastaafu. Jioni moja nilibisha hodi, akanifungulia akiwa amevaa lile gauni pana ambalo huku tunaliita bubu, la kitenge cha bluu, na kilemba chake kichwani.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Usiogope, ni mimi."

Nikamwamkia kama siku zote, tukaketi. Baada ya chai nikapata ujasiri wa kumuuliza, "Mzee, hili limeanza lini?"

"Tangu utotoni. Wewe ndiye umeliona leo."

Nilitaka kujua kwa nini alisubiri hadi uzeeni. Alinihesabia kwa vidole, na kila kidole kilikuwa na jina la mtu. Kwanza mkuu wake wa kazi, ambaye angetafuta sababu ya kumwondoa. Kisha mashemeji. Kisha wakwe watarajiwa wa watoto wake, kwa sababu hapa kwetu kabla ya inkwano kupokelewa ukoo mzima huchunguzwa, na hakuna binti ambaye angeposwa ikiwa baba yake anavaa bubu. "Wote wameshaolewa," akasema. "Mahari imeliwa. Na mimi nani atanifukuza kazi sasa?" Binti yake mmoja anajua, na ndiye aliyemshonea gauni la pili. Watoto wa kiume hawajui, au wanajifanya hawajui.

Msomaji ataona kwamba mzee huyu hakubadilishwa na kustaafu. Kustaafu kulimwondolea watu waliokuwa na uwezo wa kumwadhibu. Mshahara ni kamba ndefu. Hufunga mtu, mkewe, wanawe na wakwe zake. Siku ya mwisho ya kazi kamba hiyo hulegea, na mtu huona hadi wapi anaweza kufika. Mwingine huenda kuhiji, mwingine huoa mke mdogo, mwingine huanza ulevi alioukataa kwa miaka thelathini. Hao tunawasamehe. Huyu anavaa kitenge na kusoma riwaya, nasi tunamwita laana.

Jambo hili si la Rumonge peke yake. Huko Marekani alikuwepo Virginia Prince, mtaalamu wa dawa aliyezaliwa mwanamume mwaka 1912. Mwaka 1960 alianzisha jarida la wanaume wanaovaa nguo za kike. Wengi wao walikuwa na wake na kazi, wakivaa kwa kujificha. Yeye mwenyewe alianza kuishi kila siku kama mwanamke mwaka 1968, akiwa na miaka 55, umri ambao wengi huanza kuhesabu miaka iliyobaki kazini. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2009.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wazungu. Nawauliza, je, habari za kubandwa wamezisahau? Katika ibada ile ya Kiranga ambayo wamisionari waliipiga vita, mwanamke aliyekwisha kuingizwa aliweza kuvaa mavazi ya kiume ya sherehe na kukalia kigoda, kiti ambacho siku za kawaida kilikuwa cha wanaume. Babu zetu hawakuona kwamba nchi imepinduka. Kwa Wanandi wa Kenya, mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila kupata mtoto wa kiume huweza kulipa mahari na kuoa mwanamke mwingine, bila wao wawili kulala pamoja, ili apate mrithi. Kwa mila tangu hapo huhesabiwa kuwa mwanamume. Regine Smith Oboler, aliyewachunguza na kuandika habari zao mwaka 1980, alielezwa kwamba mwanamke huyo hupandishwa daraja, huvaa kiume na kuketi na wanaume, ingawa yeye aliona kwamba katika maisha ya kila siku wengi wao waliendelea karibu kama zamani. Na hayo si ya makumbusho. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi.

Angalieni neno hilo: kupandishwa daraja. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Pitia sokoni Rumonge au shuka hadi Nyanza-Lac, utawaona akina bibi wajane waliovaa makoti ya marehemu waume zao, kofia ya kiume kichwani, fimbo mkononi. Tunawapisha njia. Tunasema bibi huyu ni mwanamume kweli kweli, na tunalisema kama sifa. Uzee umemruhusu. Lakini babu akivaa gauni la marehemu mkewe, watoto humrushia maganda ya ndizi. Bibi tunaona amepanda, babu tunaona ameshuka. Ikiwa kuvaa vazi la mama yako ni kushuka, basi mama yako tumemweka wapi? Ninafundisha wasichana, na wanawasikia kaka zao wanavyomcheka mzee huyo njiani. Hakuna somo la usawa nitakaloandika ubaoni litakaloshinda kicheko kile.

Ndugu zangu wa kanisani hunionyesha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Nimeisoma. Sura hiyo hiyo inakataza pia nguo iliyochanganywa sufu na kitani, na sijaona mchungaji akikagua lebo za mitumba sokoni. Masheikh nao wana hadithi zao juu ya wanaume kujifananisha na wanawake, na siwezi kubishana nao kwa elimu ya dini. Ninachosema ni kwamba mafundisho hayo humhusu muumini na Mola wake, na sijasikia fundisho linalowakabidhi watoto wa mtaa kazi ya kuadhibu.

Ipo sheria pia, na hapa sicheki. Kanuni ya Adhabu ya Burundi ya mwaka 2009 ilifanya kujamiiana kwa watu wa jinsia moja kuwa kosa la kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, na marekebisho ya mwaka 2017 yaliliacha kosa hilo. Mwaka 2023 watu 24 walishtakiwa Gitega baada ya kukamatwa. Desemba mwaka huo huo Rais Ndayishimiye alisema hadharani kwamba watu wa namna hiyo wakipatikana wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Maneno ya mkuu wa nchi hayaishii redioni. Huteremka hadi kwenye vijiwe. Lakini kifungu hicho kinazungumzia tendo, hakizungumzii kitenge. Anayemwona mzee ndani ya bubu na kuhitimisha anachofanya kitandani amejitungia ushahidi mwenyewe. Nani analala na nani, mimi si kazi yangu kuuliza, na kwa mjane wa miaka sabini swali lenyewe ni utovu wa adabu.

Naomba pia tusisahau kwamba uhuru huu wa kustaafu ni wa wachache. Mvuvi hastaafu. Mkamuaji wa mawese hastaafu. Mikono ikishindwa, hula kwa mwanawe, na anayekula kwa mwanawe huvaa anachopewa. Bila shaka kwenye mwambao huu wapo wenye hamu kama ya mzee wangu, ambao hawatapata nyumba yenye mlango wa kufunga wala pensheni hata ndogo. Na wenye mlango nao, siku hizi ziwa linawafuata: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakazihamisha familia nyingi za mwambao, na anayelala kwenye turubai na majirani hana chumba cha kuvalia chochote. Uzee wenyewe humrudisha mtu mikononi mwa wengine. Mzee huyu anahitaji kijana wa kumchotea maji na jirani wa kumpeleka hospitali usiku. Wale wale wanaomcheka.

Ndiyo maana ombi langu liko kwa viongozi wa nyumba kumi kabla ya wabunge. Wao ndio wanaojua watoto gani wanarusha mawe juu ya bati la nani. Mwaka jana mmoja wao aliwaita wazazi watatu, akawaambia bati lina bei na watalilipa. Mawe yakakoma kwa miezi kadhaa. Hakuhubiri, hakuuliza mzee anavaa nini.

Siku ya kwenda benki kuchukua pensheni, mzee bado huvaa suti yake ya kijivu na tai. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na jua hili la Imbo. Akatoa karangamuntu mfukoni, akanionyesha picha. Alisema karani wa dirishani asipomtambua, pesa hazitoki.