Kuku wa Mama na Daktari Asiyefika



Punda wa Lamu akichubuka mgongo kwa mzigo wa mawe, ana pa kupelekwa. Tangu mwaka 1987 ipo zahanati ya punda mjini humo, na matibabu yake ni bure. Alhamdulillah, punda anastahili. Lakini twende vijiji vya ndani vya Tana River, Kilifi au Kwale, tumuulize mama mwenye kuku wanane humpeleka wapi aliyeugua. Kwanza atacheka.

Ng'ombe huuzwa kwa shauri la mume na nduguze. Kuku aghalabu ni mali ya mama mwenyewe: ndiye sare ya mtoto, nauli ya hospitali na kitoweo cha mgeni wa ghafla. Kideri kikiingia kijijini, kuku huzubaa, hupinda shingo, na katika siku chache banda hubaki tupu. Aliyekwisha ugua hana dawa. Kinga ni chanjo tu.

Nayo chanjo si ghali: tone moja jichoni, likarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni chupa. Aghalabu hutiwa dozi mia moja au zaidi, na ikishachanganywa haidumu. Mwenye kuku mia tano hupata nafuu. Mwenye wanane hulipia kuku tisini na wawili asio nao, juu ya nauli ya kwenda mjini na barafu ya kuihifadhi njiani.

Tangu serikali ilipoanza kupunguza matibabu ya bure ya mifugo, mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari binafsi amefuata penye ng'ombe wa maziwa. Simlaumu, naye ana watoto. Ila tangu 2013 kudhibiti maradhi ya mifugo ni kazi ya kaunti, na kaunti haikuwekwa itafute faida.

Twakumbushana mara nyingi habari ya mwanamke aliyemfungia paka akafa kwa njaa. Hadithi hiyo twamsomea mwenye mnyama. Wenye mamlaka nao wasomewe, maana mama huyu hakumfungia kuku wake, amefungiwa yeye.

Hata hivyo, tuambiane ukweli. Wako wanaosikia kideri kimefika jirani wakakimbilia kuchinja wagonjwa na kuwauza bila kusema. Kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa hakuhalalishwi na umaskini, na maradhi husafiri na kuku huyo hadi nyumba ya pili.

Kina mama wa darasa au chama waweza kuandikisha kuku wa nyumba kadhaa, wakachanga chupa moja, wakapanga siku kabla maradhi hayajafika. Wachanjwe walio wazima tu, alfajiri, kabla hawajafunguliwa bandani. Orodha hiyo, yenye majina na idadi, ipelekwe kwa afisa wa mifugo wa wadi, na nakala kwa mwakilishi wenu, mkiuliza kwa maandishi atakuja lini.